Ng'ombe Wasioandikwa

Kosa ninalotaka kulieleza ni kiburi cha mtu aliyesoma nusu ya sura, akafunga kitabu akidhani ameimaliza. Kosa hilo lilikuwa langu. Baba yangu alikuwa na lake, nami nitalitaja mahali pake. Lakini lake lingetugharimu lori peke yake, na langu lilikaribia kutugharimu shamba.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Nyamira, kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye cheti cha ualimu na rafu ya vitabu iliyokizidi kitanda changu kwa ukubwa. Mwalimu mkuu wa kwanza niliyefanya kazi chini yake alikuwa Mwingereza. Alipofungasha kurudi kwao miaka michache baada ya uhuru, aliviuza vitabu vyake kwa debe, kama watu wanavyouza maharagwe. Nilinunua madebe mawili. Chini kabisa ya debe la pili palikuwa na kitabu kinene cha sheria, kilichoandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara, na kwa kitabu hicho nikapata jina. Wazee walinijia na barua za serikali. Wajane walinijia na karatasi za pensheni. Niliwasomea, nikawafasiria kwa Ekegusii, na hapo ningalikoma ningalikuwa mtu mwema. Sikukoma, nilianza kuwashauri.

Shamba letu lilikuwa refu na jembamba, kama yalivyo mashamba mengi ya kwetu: linaanzia barabarani mgongoni mwa kilima na kushuka hadi kijitoni. Juu palikuwa na chai, kisha migomba, kisha nyumba, kisha mahindi na wimbi, na chini kabisa majani ya ng'ombe mmoja wa maziwa. Wapima ardhi walipopita kwetu miaka ya sitini, baba aliwafuata na upanga, akifyeka njia ya kamba yao kwa mikono yake mwenyewe ili pasiwe na shaka yoyote. Baadaye alipewa hati. Aliitia ndani ya bati la biskuti, na bati akalitia ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo akautundika shingoni. Alikuwa mzee wa kanisa la Kisabato, mtu wa maneno machache, na nadhani siku zile alikuwa na furaha, ingawa hakuwahi kusema hivyo.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini aliitoa hati ile katika bati akaiweka rehani. Alitaka lori. Ndizi zilikuwa zikioza sokoni Daraja Mbili kwa kukosa magari, huku Nakuru na Nairobi watu wakizilipia bei ambayo kwetu ilisikika kama hadithi. Hesabu yake haikuwa ya kipumbavu. Alikwenda mbele ya bodi ya ardhi, kama sheria ilivyotaka, na mama akaenda naye. Mwenyekiti alimuuliza mama iwapo amekubali shamba liwekwe rehani. Mama alijibu, "Shamba ni lake." Kikao kizima kilichukua jibu hilo kuwa ndiyo. Nimelifikiria mara nyingi tangu hapo. Mke wa mzee wa kanisa angeweza kujibu nini kingine, mbele ya wanaume kumi na wawili waliokaa kwenye viti na yeye amesimama?

Mwaka wa kwanza lori lilifanya kazi. Mwaka wa pili bei ya dizeli ilipanda kupita kiasi, na kabla baba hajaizoea bei hiyo, injini ikafa njiani, ikiwa imebeba mzigo wa ndizi zilizoiva mapema. Lori lilivutwa hadi nyumbani, likaegeshwa kando ya chai. Kuku walianza kutaga chini ya kiti cha dereva. Barua za wakopeshaji zilianza kuja wakati huo, na hapa ndipo lilipo kosa la baba. Zilikuja kwa sanduku la posta la kanisa, zimeandikwa kwa Kiingereza asichokijua, na mwanawe anayekijua alikaa hatua mia moja kutoka mlangoni pake. Hakunionyesha hata moja. Kwetu, baina ya baba na mwana mtu mzima, kuna ua wa haya. Baba hamfunulii mwanawe upungufu wake, na mwana hauulizi. Ni desturi yenye hekima yake, kwa maana imezuia matusi mengi. Lakini baba aliitumia kujificha. Alizipanga barua zile katika bati la biskuti, mahali ilipokuwa hati.

Ilani ya mwisho haikuja kwa posta. Ililetwa na askari wa chifu, mchana, mbele ya majirani waliokuwa wakichuma chai. Baba aliipokea, akaikunja, akampa mama, na mama akaniletea. Baada yake alinikabidhi na bati zima.

Nilisoma barua zote kwa mfululizo, kuanzia ile ya adabu hadi ile isiyo na adabu. Maana yake ilikuwa hii: malipo yalikuwa yamelala kwa muda mrefu, na baba alipewa miezi mitatu. Asipolipa malimbikizo pamoja na gharama ndani ya miezi hiyo, shamba lingeuzwa kwa mnada wa hadhara, nyumba na migomba na chai vikiwa ndani yake.

Miezi mitatu ni muda wa kutosha kwa mtu mwenye akili. Baba, kwa akili yake isiyo ya vitabu, alijua la kufanya wiki ileile. Mfanyabiashara mmoja wa Keroka alikuwa tayari kulinunua lori kama lilivyo, na kuku wake, kwa bei ambayo ingemaliza zaidi ya nusu ya malimbikizo. Mama aliniletea habari hiyo kwa niaba ya baba, kama ilivyokuwa kawaida.

"Baba yako anauliza kama amuuzie yule mtu wa Keroka."

"Mwambie asiuze kitu," nilisema. "Nipe siku mbili nisome."

Nilisoma. Katika kitabu kile palikuwa na sura ya kufilisika. Nilijifunza humo kwamba mdeni aliyeelemewa aweza kwenda mahakamani kwa hiari yake, akakiri kwamba hawezi kulipa, akaorodhesha mali yake yote kwa kiapo. Na mahakama ikikubali, ofisa wa serikali huichukua mali hiyo chini ya ulinzi wake, na hakuna mdai awezaye kumgusa mdeni wala kumshtaki bila ruhusa ya mahakama. Nakumbuka hata mahali nilipokuwa nimeketi, kwenye ngazi ya darasa la nne, watoto wakiimba jedwali la saba nyuma yangu. Nilijiona kama mtu aliyegundua chemchemi. Niliufunga ukurasa ule kwa furaha. Sikuufungua uliofuata.

Nilimwendea baba mwenyewe, jambo ambalo sikuwa nikilifanya mara nyingi. Nilimweleza kwamba serikali imeweka mwavuli kwa watu kama yeye. Alisikiliza akitazama chini.

"Mwavuli huo," alisema mwishowe, "unamfunika mtu au unalifunika shamba?"

Lilikuwa ndilo swali hasa. Mzee asiyejua Kiingereza aliuliza, kwa pumzi moja, swali ambalo ukurasa wa pili wa sura ile uliandikwa kulijibu. Nami nilimjibu kwa sauti ya darasani: "Baba, sheria ikimfunika mtu imekifunika na alicho nacho."

Mtu wa Keroka aliambiwa hapana. Alirudi mara ya pili na ya tatu, kisha hakurudi.

Kwa wiki nane nilikuwa nikiandaa ombi. Nililipiga kwa taipu ya shule baada ya masomo, nikiharibu karatasi na kuanza upya, kwa kuwa nilitaka lisiwe na hata herufi moja iliyofutwa. Ilipofika orodha ya mali, nilikaa na baba chini ya ukingo wa paa, daftari mkononi, nikamuuliza kama fomu ilivyouliza.

"Nyumba?"

"Mbili. Na jiko."

"Magari?"

"Unaliona."

"Ng'ombe walioko?"

"Mmoja. Yule pale."

"Samani?"

Alicheka kidogo kwa neno hilo. Mama alikuwa akichambua wimbi karibu nasi. Nakumbuka kwamba nilipoandika ng'ombe mmoja aliacha kuchambua, akamtazama baba, naye baba akatazama pembeni. Niliona, nikapuuza. Nilikuwa na shughuli ya kunyoosha mstari wa chini ya neno *jumla*.

Mnada ulitangazwa kuwa Jumamosi. Tangazo lilibandikwa ukutani kwa chifu na kwenye mti wa duka la sokoni. Nyumbani kwetu Jumamosi hakuna aliyeshika pesa wala kupika, na kwa hiyo hata kama mtu angetutupia fedha asubuhi ya mnada, baba asingezipokea. Ukomo wetu ulikuwa Ijumaa, kabla ofisi za mjini hazijafungwa. Mimi sikujali. Niliingia Kisii Jumatatu ya wiki ileile, nimevaa tai, ombi langu limo ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Nilikuwa nimepanga iwe hivyo. Niliona fahari kuwazuia wakopeshaji siku tano tu kabla ya nyundo, ili somo liwakae.

Karani wa mahakama alikuwa mzee wa Pwani, mwembamba, aliyevaa kofia ya viua iliyodariziwa na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma ombi langu toka neno la kwanza hadi la mwisho, bila haraka, akitikisa kichwa kwa namna niliyoidhania kuwa ni sifa.

"Mwalimu," alisema, "taipu yako ni safi kuliko ya hakimu wetu."

"Asante, mzee."

"Imepigwa vizuri mno. Inasikitisha." Akaisukuma bahasha upande wangu. "Kwanza, haya si ya hapa. Maombi ya kufilisika yanapelekwa Nairobi. Pili, kuna amana ya kuweka. Umekuja nayo?"

Nilisema sikujua habari za amana.

"Tatu. Huyu anayeuza shamba, ana rehani, au ni mtu tu aliyekopesha kwa mdomo?"

"Ana rehani. Imeandikwa kwenye hati."

"Basi rehani haiguswi. Mufilisi analindwa na wenye kudai mikono mitupu. Aliyeshika rehani ameshika chake; anauza, anajilipa, kinachobaki ndicho wanachogawana wengine. Kitabu chako hakikusema?"

Nilikuwa nimekuja nacho, nikitumai kumwonyesha hakimu kifungu. Alikichukua, akalilamba dole gumba, akafungua sura ya kufilisika, akageuza karatasi moja. Ilikuwa aya ya pili kutoka juu. Aliweka ukucha wake chini ya mstari, nami nikasoma. Kiingereza chake kilikuwa chepesi kabisa.

"Unasomesha darasa la ngapi?" aliniuliza.

"La sita."

"Haya. Usiwasomeshe ukurasa mmoja mmoja."

Watu wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi walicheka. Hakucheka yeye. Aliniambia kwamba, kwa upande mmoja, nimshukuru Mungu sikulileta mapema na kwenda nalo Nairobi. Maana hapo lori na ng'ombe na kila kitu kingeingia mikononi mwa ofisa wa serikali, na baba asingeweza kuuza hata kuku ajiokoe, na shamba lingenadiwa vilevile. Nikauliza nifanye nini. "Pesa," alisema. "Kabla ya nyundo, mdeni akiweka mezani malimbikizo na gharama, hawa watu huchukua na kuahirisha. Wanataka pesa, hawataki migomba yenu. Nyinyi mna nini cha kuuza?"

Nilimwonyesha orodha yangu iliyopigwa taipu. Aliitazama kwa heshima, akanirudishia.

Sitaeleza njia ya kurudi. Jioni, jua lingali juu kidogo, nilisimama mbele ya baba nikamwambia nilikosea, na kosa lenyewe, na kwamba mtu wa Keroka angetakiwa kuuziwa lori siku ileile alipokuja. Nilitarajia hasira. Baba aliuliza tu kama nimekula. Kisha akasema atakwenda kuwaambia watu wa kanisa wasije kwetu Jumamosi kwa maombi ya mchana, akaondoka. Ningalipenda anitukane. Alipokuwa ameshafika barabarani mama alitoka jikoni.

"Umekwisha kuandika karatasi zako?" aliniuliza.

"Zimekwisha, mama."

"Hazina kazi?"

"Hazina."

"Vizuri." Alifuta mikono. "Kesho mimi nakwenda Daraja Mbili na ndizi."

Nilidhani huzuni imemfanya ashike kazi ya kila siku, kama inavyowafanya watu wengi. Alikwenda na mikungu miwili. Baadaye ndipo nilipojua kwamba hakukaa kuiuza. Aliitupa kwa bei yoyote kwa mchuuzi wa kwanza, kisha akazunguka soko zima akitafuta wanawake wanaotoka upande wa Nyacheki, hadi akampata mmoja anayeishi jirani na dada yake baba, akampa ujumbe wa maneno manne: *Mwambie shamba linauzwa Jumamosi.*

Dada yake baba alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi. Ameolewa Nyacheki, kwenye vilima vya chai, mwendo wa siku mbili kwa mguu kutoka kwetu. Ili msomaji aelewe yaliyofuata, sina budi kueleza jambo moja. Ng'ombe wa mahari yake ndio waliotumika kumwoa mama yangu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu: mahari ya dada humpa kaka mke, na kwa ajili hiyo kaka hana ubavu wa kumjibu dada huyo kwa ukali maisha yake yote, wala hapendi kwenda kwake kuomba chochote. Ameshakula. Atarudi tena mezani kwa uso gani?

Alifika Jumatano kabla ya adhuhuri, kwa basi, na kutoka barabarani alishuka kwa miguu peku, viatu mkononi. Hakuingia ndani. Alimkuta baba akirekebisha ua ambao siku tatu baadaye ungekuwa wa mtu mwingine.

"Wewe," alimwambia, "unamzibia nani?"

Baba akasimama. "Karibu, dada. Umekuja bila kutuma neno."

"Neno lilitumwa na mwenye akili katika mji huu. Hebu niambie, nilipelekwa Nyacheki na ng'ombe wangapi wa baba yetu?"

"Dada, kuna watoto hapa."

"Huyu ni mtoto?" Alinitazama kuanzia viatu hadi tai. "Ana ndevu huyu. Nimeuliza swali."

"Mitamba wawili," alisema baba kwa sauti ya chini. "Lakini hao ni wa kwako kuwatunza."

"Kuwatunza! Nani alisema kuwala? Mume wangu amekunywa maziwa yao mpaka akafa mzee mnene, na samadi yao imeotesha chai yetu. Huo ndio ujira, tumelipwa. Ndama ni wa nani?"

Baba aliinamia ua wake tena.

"Nimekuuliza, mtoto wa mama. Ndama ni wa nani?"

"Ni wa nyumbani."

Hapo ndipo nilipoelewa, mimi mwenye rafu ya vitabu, kitu ambacho kila mzee wa kilima kile alikijua. Zamani, kabla mashamba hayajagawanywa kwa kamba, mtu mwenye busara hakuwaweka ng'ombe wake wote zizini pake. Aliwaweka wachache kwa huyu na wachache kwa yule, mbali, ili ugonjwa ukiingia au wizi ukitokea asipoteze wote kwa siku moja. Mwenye kuwatunza alipata maziwa na samadi, na mara kwa mara ndama mmoja wa asante. Waliobaki, na uzao wao, walikuwa wa mwenye mali. Na mwenye mali hakuwataja. Kuwataja kulileta husuda, na kuwahesabu kulileta balaa. Mashamba yalipozungushiwa ua na ng'ombe wa maziwa wa kisasa walipokuja, desturi hiyo ilififia, na sisi tuliozaliwa karibu na vita vya pili vya Wazungu hatukufundishwa. Mitamba wawili wa babu walikuwa wamezaa Nyacheki kwa zaidi ya miaka thelathini.

Shangazi alinigeukia. "Na wewe mwenye kalamu. Nimesikia barabarani ulimwandikia serikali mali yake yote."

"Ndiyo, shangazi."

"Ulimuuliza habari za ng'ombe?"

"Nilimuuliza."

"Ulimuulizaje?"

Nilifikiri, nikasema kweli. "Nilimuuliza ng'ombe walioko."

"Naye akakwambia yule anayekula majani pale. Alisema uongo? Hakusema. Ulimuuliza kama askari wa kodi, akakujibu kama mlipa kodi. Ungekwenda kuapa mbele ya hakimu kwamba mdogo wangu ni maskini, na mimi nina zizi lake linalia kila asubuhi linataka kutoka!"

Mama alicheka kutoka jikoni. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi mitatu. Hata baba aligeuza uso ili tusione tabasamu lake.

"Dada," baba alisema, "siwezi kuchukua kitu kutoka kwako. Mke huyu ni wa ng'ombe wako."

"Ndiyo sababu! Nilimleta mwanamke huyu apate shamba la kulima. Leo unataka alale wapi, ndani ya lori, na kuku?" Aliketi juu ya gogo, akaanza kuvaa viatu. "Wanangu wamewatoa zizini alfajiri ya leo. Kesho asubuhi watakuwa kwenye soko la mifugo mjini. Sikuja kukuomba ruhusa. Nimekuja kukwambia uoge."

Alhamisi niliwaona kwa macho yangu. Walikuwa kumi na mmoja, wadogo wa kienyeji wenye nundu, vumbi la njia hadi magotini, wakishikamana kwa hofu ya mji. Binamu zangu wawili walisimama mbele na nyuma yao. Madalali wa ng'ombe walikuja, wakabonyeza mbavu, wakafungua midomo, wakataja bei za matusi.

"Mama mzee, hawa ni mbuzi au ng'ombe?" mmoja alimuuliza shangazi.

"Kama huwezi kutofautisha, nenda ukauze mboga."

Baba alisimama kando, kofia mkononi. Ilikuwa mali yake, lakini hakusema neno la bei hata moja. Shangazi ndiye aliyewajua: huyu ana mimba, yule ni mkaidi lakini hachoki, yule mwekundu ni mjukuu wa mtamba aliyepewa siku alipoondoka kwao. Aliwauza mmoja mmoja, si kwa mkupuo, ijapokuwa madalali walitaka hivyo na mimi nilimnong'oneza kwamba muda ni mfupi. Alinitazama, nikarudi nyuma hatua moja. Kufikia saa tisa alasiri walikuwa wamebaki wawili, jike na dume, na hao alikataa kuwauza. Alisema zizi halikaushwi, na kwamba watarudi Nyacheki kuanza upya.

Ijumaa tulikwenda sote wanne kwenye ofisi ya wakopeshaji. Mama alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Baba alinipa ilani niishike. Hakunipa kazi nyingine, na sikuiomba. Karani wa pale, kijana wa rika langu, alikuwa na haraka kwa kuwa dalali wa mnada alikuwa akisubiri gari la Jumamosi. Alihesabu malimbikizo, akahesabu gharama za tangazo na za dalali, akathibitisha kwamba pesa zetu zimetosha, na kwamba yaliyobaki ya mkopo yatalipwa kwa awamu kama mwanzo. Akaandika barua fupi ya kumzuia dalali, akaipiga mhuri. Shughuli nzima haikuchukua nusu saa. Miezi sita baadaye tuliliuza lori kwa mtu wa Keroka, kwa theluthi mbili ya bei ile aliyoitaja mara ya kwanza, na tofauti hiyo nililipa mimi kwa mshahara wangu, kidogo kidogo, kwa miaka miwili. Sikuambiwa nilipe. Ilikuwa haki.

Nimesoma vitabu vingi tangu wakati ule, na vingine nimevimaliza. Siwatukani wanaosoma, sheria ile ya mufilisi ni sheria nzuri, na inawaokoa watu ambao imeandikwa kwa ajili yao. Ninachokishutumu ni ule mkono unaofunga ukurasa mara tu unapopendeza. Baba naye aliukiri upande wake, kwa namna yake: tangu mwaka ule, kila barua iliyofika nyumbani aliniletea ikiwa bado imefungwa, akasimama hapo hadi nilipoimaliza.

Lakini Ijumaa ile palikuwa na jambo moja lililobaki. Karani alikuwa amefungua kitabu cha stakabadhi, amemimina wino, akauliza bila kuinua macho, "Imepokewa kutoka kwa nani?" Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutaja jina la baba, kwa maana mkopo ulikuwa wake, na ng'ombe walikuwa wake, na sheria isingedai jina lingine. Baba alinigusa mkono. Alisogea mezani, mzee wa kanisa, mbele ya watu waliojaa chumba kile na ambao wengi wao walimjua, akasema kwa Kiswahili chake kizito, kwa sauti ya kusikika, "Andika dada yangu."

Karani aliinua macho. "Mama, unaitwa nani?"

Alilitaja jina lake alilopewa na wazazi wake, nalo likaandikwa. Mimi ndipo nilipolisikia kwa mara ya kwanza. Silitaji hapa, kwa kuwa nyumbani hakuna mdogo aliyewahi kulitumia. Sisi sote, kabla ya siku ile na baadaye hadi alipozikwa, tulimwita Shangazi.